Chaki Itangulie Kipanya: Kufundisha Kuvisha Picha Bapa Juu ya Uso Uliokaa Upande

Katika vyuo vyetu vya ualimu, somo la utengenezaji wa zana za kufundishia limehama kwa kiasi kikubwa kutoka kwenye karatasi ya manila na kuingia katika kompyuta. Hatuna ugomvi na mabadiliko hayo. Mwanachuo ambaye zamani angetumia siku mbili kunakili ramani kwa mkono, leo aweza kuipanga, kuikuza na kuichapa katika vipindi viwili, akabaki na nafasi ya kufikiri juu ya somo lenyewe. Ugomvi wetu ni juu ya namna tunavyofundisha kazi moja ambayo wengi huiona ndogo. Kazi hiyo ni kuchukua picha bapa, kama vile ramani, bango au jalada la kitabu, na kuiweka juu ya uso ambao katika picha nyingine umekaa upande: ukuta unaokwenda mbali na macho, ubao wa darasa unaoonekana kutoka ubavuni, au meza inayotazamwa kutoka pembeni.

Yamkini msomaji atauliza kama jambo hili lastahili makala. Twaamini lastahili. Hapa ndipo jiometri, uchoraji na ufundi wa kompyuta hukutana katika kipindi kimoja, na hapa ndipo huonekana waziwazi tofauti kati ya mwanachuo aliyefundishwa kubonyeza na yule aliyefundishwa kuona. Tena, mwanachuo huyo ni mwalimu. Picha aliyoipotosha ataitundika mbele ya watoto, nao wataiamini, kwa kuwa mtoto hana desturi ya kuishuku ramani ya mwalimu wake.

Somo hili kwa kawaida hufundishwa hivi. Mkufunzi huwasha projekta, hufungua programu, kisha husema: chagueni kifaa hiki, shikeni pembe ya juu kushoto, ivuteni hadi hapa, shikeni pembe ya pili, ya tatu, ya nne, bonyezeni kitufe cha kukubali. Wanachuo watano au sita waliozunguka kompyuta moja hutazama mkono wa mwenzao mmoja. Mwisho wa kipindi kila kikundi kina picha inayofanana na ya mkufunzi, na kila mmoja ameandika daftarini orodha ya vitufe. Muhula unaofuata programu huletwa kwa toleo jipya, vitufe vimehamishwa, na elimu yote ile imehama navyo.

Lakini kuhama kwa vitufe ni hasara ndogo. Ubaya mkubwa zaidi ni kwamba mwanachuo hana kipimo cha kumwambia kama alichokifanya ni sahihi. Mpe kazi hiyohiyo katika programu nyingine isiyo na kifaa alichozoea, nawe utamwona akiifinya ramani kwa upana, akiilaza kidogo, akiivuta tena, mpaka kingo mbili zifuatane na kingo za ukuta. Kingo zilizobaki zikizidi, huzikata. Kazi huonekana imekamilika. Ukimwuliza kwa nini nusu ya mbali ya ramani ni pana sawasawa na nusu ya karibu, hukutazama kama mtu aliyeulizwa swali la somo jingine.

Na kwa kweli hajaulizwa swali la somo jingine. Kufinya, kuvuta na kulaza ni mageuzi yanayohifadhi usambamba. Mistari iliyokuwa sambamba hubaki sambamba, na nukta iliyokuwa katikati hubaki katikati. Mstatili ukilazwa huwa msambamba, na hata ukilazwa mara mia hautakuwa trapeza. Ukuta unaokwenda mbali, hata hivyo, huonekana machoni kama trapeza: ukingo wa karibu ni mrefu, wa mbali ni mfupi, na kingo za juu na chini zaelekea kukutana. Mwenye kutaka kuuvisha ukuta huo kwa kufinya na kulaza peke yake anajaribu kumvisha mtu shati la mtu mwingine. Atavuta huku, na kule kutapungua.

Pendekezo letu ni kwamba vipindi viwili vya kwanza vya somo hili vifanyike bila kompyuta kuwashwa.

Kipindi cha kwanza kianzie nje ya darasa. Karibu kila chuo kina baraza lenye nguzo zilizopangwa kwa nafasi zilizo sawa, au barabara yenye nguzo za umeme. Wanachuo wasimame mwisho wa baraza, wanyooshe mkono wenye penseli, wafumbe jicho moja, na wapime kwa kidole gumba nafasi kati ya nguzo ya kwanza na ya pili, kisha kati ya ya pili na ya tatu, na kuendelea. Wataona wenyewe kwamba nguzo zazidi kusongamana kadiri zinavyokwenda mbali, ingawa mjenzi aliziweka kwa kipimo kimoja. Wengi wameyaona hayo tangu utotoni, lakini hawajawahi kuyapima. Jambo lililopimwa kwa mkono wa mwanachuo mwenyewe halihitaji kukaririwa.

Kipindi cha pili kiwe cha rula na chaki. Hapa twaomba msomaji atuvumilie, kwa kuwa mfano huu ndio kiini cha hoja yetu, na twapenda aujaribu mwenyewe.

Tuseme kuna ubao wa darasa wenye upana wa sentimita 240 na kimo cha sentimita 120. Katika mchoro wetu ubao huo umekaa upande, hivi kwamba ukingo wake wa karibu una urefu wa sentimita 12, ukingo wa mbali sentimita 6, na nafasi kati ya kingo hizo mbili, zote zikiwa wima, ni sentimita 18. Swali: mstari wa wima unaougawa ubao halisi katika nusu mbili sawa utapita wapi katika mchoro? Wanachuo wengi hujibu, "Sentimita 9." Mkufunzi asiwasahihishe. Awaambie wachore mishazari miwili ya umbo lile, kutoka kila pembe hadi pembe iliyo mkabala. Katika ubao halisi mishazari hukutana katikati kabisa, na mistari iliyonyooka katika ubao hubaki imenyooka katika mchoro. Kwa hiyo mahali inapokutana mishazari ya mchoro ndipo palipo katikati ya ubao. Wakipima, watakuta mahali hapo pako sentimita 12 kutoka ukingo wa karibu, na sentimita 6 tu kutoka ukingo wa mbali. Kimo cha ubao mahali hapo ni sentimita 8, wala si 9.

Nusu ya karibu imechukua theluthi mbili za mchoro. Tumeona kwamba tarakimu hiyo huwashtua wanachuo kuliko maelezo ya saa nzima, na mshtuko huo una faida kubwa kwa mwalimu. Wakirefusha kingo za juu na chini, zitakutana sentimita 36 kutoka ukingo wa karibu, na hiyo ndiyo nukta ambayo wachoraji huiita nukta ya kutoweka.

Sasa iletwe ramani. Ramani ya Tanzania iliyowekewa mipaka kwenye longitudo 29 na 41 mashariki, na kutoka ikweta hadi latitudo 12 kusini, huwa karibu mraba, na mstari wa longitudo 35 hupita katikati yake, magharibi kidogo ya Dodoma. Mwanachuo aliyefundishwa vitufe huivuta ramani hiyo hadi pembe nne za ubao. Programu humkubalia bila manung'uniko. Matokeo yake ni Tanzania iliyovimba, yenye upana maradufu, kwa sababu ubao wetu ni wa mbili kwa moja na ramani ni ya moja kwa moja. Pembe nne huiambia kompyuta mahali pa kuiweka picha. Haziiambii kama uwiano wa picha ni ule wa uso unaovishwa. Hilo ni jukumu la mtu, na twasikitika kwamba halimo katika madaftari mengi tuliyoyasahihisha.

Mwanachuo wa mishazari hatakwama hapo. Amekwisha kuugawa ubao katikati, naye ajua kwamba nusu ya karibu ni mraba wa sentimita 120 kwa 120, yaani mahali panapoifaa ramani yake. Katika mchoro, nusu hiyo ina ukingo wa sentimita 12, ukingo wa sentimita 8, na nafasi ya sentimita 12 kati yake. Akichora mishazari ya nusu hiyo atajua pia mahali pa mstari wa longitudo 35: sentimita 7.2 kutoka ukingo wa karibu. Sasa anacho kipimo. Atakapowasha kompyuta na kuivisha ramani, ataweka rula kwenye karatasi iliyochapwa na kuangalia kama mstari ule umepita pale ulipopaswa kupita. Ukipita kwenye sentimita 6, kosa analo mkononi, bila ya kumngoja mkufunzi amwambie.

Elimu hii si ya jana. Mwanzoni mwa karne ya 15, mjini Florence, Filippo Brunelleschi alichora jengo la ubatizo la mji huo, akatoboa tundu katika ubao wa picha, ili mtazamaji achungulie kwa nyuma na kuiona picha katika kioo kama ionekanavyo nyumba yenyewe. Mwaka 1435 Leon Battista Alberti aliandika kitabu kilichoifananisha picha na dirisha lililo wazi, na mwaka 1525 Albrecht Dürer wa Nuremberg alichapisha kitabu cha upimaji chenye mchoro wa msanii anayefuatisha juu ya kioo umbo la mtu aliyekaa upande wa pili. Zoezi la Dürer laweza kufanywa leo katika chuo chochote chenye kipande cha plastiki angavu na kalamu ya wino, nasi hatuoni sababu ya kulidharau kwa kuwa ni la kale. Kompyuta ilikuja kurithi kanuni hizo baadaye sana. Mwaka 1974 Edwin Catmull, katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Utah, alionyesha namna ya kuvisha picha juu ya uso uliochorwa na kompyuta. Photoshop ilitolewa mwaka 1990. GIMP ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nayo hadi leo hugawiwa bure, jambo lisilo dogo kwa chuo chenye bajeti kama zetu.

Mwanachuo mwenye ari atauliza kompyuta yafanyaje kazi hiyo. Ajibiwe, kwa kipimo chake. Kila pembe ina vipimo viwili, cha kwenda pembeni na cha kwenda juu; pembe nne zatoa vipimo vinane, na vinane ndivyo vinavyotosha kulifunga geuzi zima. Pembe tatu zingetoa sita, navyo vyatosha kwa kufinya na kulaza tu. Ile pembe ya nne ndiyo iletayo umbali. Katika hesabu zake mna kugawanya kwa kiasi kinachobadilika kutoka mahali hadi mahali, na kugawanya huko ndiko kunakozisonganisha nguzo za baraza. Wako wenzetu wanaotaka milinganyo yote minane iandikwe ubaoni. Sisi hatuafikiani nao, isipokuwa kwa wanachuo wa mchepuo wa hisabati. Kwa wengine mishazari yatosha.

Kuna jambo la pili katika ufundi huo ambalo ni la faida kwa kila mtu. Kompyuta haizichukui pikseli za ramani na kuzitupa ubaoni moja moja, maana ingefanya hivyo mahali pangine pangebaki matundu na pangine pikseli zingerundikana. Hufanya kinyume: husimama kwenye kila pikseli ya ubao na kuuliza, "Hapa pametoka wapi katika ramani?" Jibu mara nyingi huangukia kati ya pikseli na pikseli, na hapo kompyuta huchanganya rangi za majirani. Ndiyo maana picha iliyogeuzwa mara tatu, nne, huwa na ukungu. Kila geuzi limechanganya upya kilichokwisha kuchanganywa. Mwanachuo anayelijua hili huanza na picha kubwa, huhifadhi ya asili kando, na hufanya geuzi mara moja tu. Asiyelijua hulaumu kichapishi.

Na asidhani mtu kwamba mashine hazikosei kamwe katika jambo hili. Mashine ya michezo ya PlayStation iliyotoka mwaka 1994 haikuweza kufanya kugawanya kule kwa kila pikseli. Iliuvisha uso kwa pembetatu, kila moja kwa kufinya na kulaza, na sakafu za vigae katika michezo yake zilionekana zimepinda kwenye mshazari na kuyumba mchezaji anaposogea. Wanachuo waliowahi kuicheza hutabasamu wakiambiwa sababu.

Tumesikia pingamizi mbili. Ya kwanza ni muda: muhtasari ni mrefu na vipindi ni vichache. Tunajibu kwamba vipindi viwili vya baraza na rula havihitaji umeme, havihitaji foleni ya kompyuta, na wanachuo wote hufanya kazi kwa wakati mmoja. Katika chumba chenye kompyuta chache, ni vipindi vya vitufe vinavyopoteza muda, kwa kuwa mmoja hutenda na watano hutazama.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Husemwa kwamba programu hufanya yote yenyewe, na kwamba sasa kuna hata programu za akili bandia zinazochora darasa zima lenye ramani ukutani kwa kuambiwa tu. Ni kweli. Lakini programu hizo mara kwa mara hupotosha herufi na mipaka, na zile za kawaida hukubali pembe zozote nne tunazozipa, ziwe za busara au za upuuzi. Nani basi atakayesema kwamba picha imekosewa? Mwanafunzi wa darasa la tano hawezi. Programu haiwezi. Amebaki mwalimu, na mwalimu asiyejua katikati ya ukuta iko wapi hana la kusema.

Tuongeze neno juu ya kazi iliyo kinyume cha hii, kwa kuwa walimu wengi huifanya kila juma bila kujua kuwa ni ileile. Mwalimu hupiga kwa simu picha ya ubao kutoka pembeni ili asikingwe na mwako wa dirisha, kisha huinyoosha ili ionekane kama iliyopigwa kutoka mbele. Kifaa cha GIMP kina njia ya kwenda na njia ya kurudi, na programu nyingi za simu za kupiga picha nyaraka hutafuta pembe nne zenyewe. Kanuni ni moja, na mipaka ni ileile. Maandishi ya upande wa mbali, ambayo kamera iliyanasa kwa pikseli chache, yatakuzwa lakini hayatasomeka zaidi kuliko yalivyonaswa. Ukuta ulioonekana umepinda kwa sababu ya lenzi pana ya simu hautanyooshwa na pembe nne peke yake. Na mtungi au chupa si uso bapa, hivyo kuuvisha kwataka kifaa cha kupindisha. Tumewahi kuona lebo iliyovishwa chupa kama ubao, nayo ilionekana imening'inia hewani.

Vivuli na mwanga twaviacha kwa wenzetu wa sanaa, ingawa twakumbusha tu kwamba ramani ing'aayo kote sawasawa juu ya ukuta wenye kivuli haimdanganyi mtu yeyote.

Kinachotusumbua zaidi ni upimaji. Maswali mengi ya majaribio tuliyoyaona humtaka mwanachuo ataje jina la kifaa au apange hatua tano kwa mfuatano. Mwanachuo aweza kupata alama zote bila kuwahi kuivisha picha hata moja. Sisi tungependa swali la namna hii: apewe picha iliyochapwa ya ukuta uliokaa upande, pamoja na vipimo halisi vya ukuta huo na ramani yenye mistari ya longitudo. Kwanza, kwa penseli na rula, aonyeshe ni sehemu gani ya ukuta itakayoipokea ramani bila kuivimbisha, na atie alama mahali utakapopita mstari wa 35. Karatasi hiyo ikusanywe na kusahihishwa. Ndipo aruhusiwe kukaa kwenye kompyuta, aifanye kazi, aichape, na aiambatishe pamoja na sentensi mbili za kueleza kwa nini mstari wake umeangukia, au haukuangukia, kwenye alama ya penseli. Theluthi mbili za alama tungezitoa kwa karatasi ya kwanza na zile sentensi mbili.